Kopo la kunasa oili: gari gani linalihitaji, na lipi ufunge mwenyewe nyumbani

Kopo la kunasa oili ni chombo kidogo kinachochuja ukungu wa oili kwenye pumzi ya injini kabla haujarudi kwenye njia ya hewa. Kabla hujaagiza kopo lolote, fungua boneti, tafuta kile kibati cha Toyota kilichopigwa riveti, usome aina ya injini. Ukikuta 1NZ-FE, 2NZ-FE au 1ZZ-FE, yaani IST, Vitz, Raum, Probox, Spacio na magari mengi madogo yanayopishana Morogoro Road, hela yako ibaki mfukoni. Injini hizo hupuliza petroli kwenye njia ya hewa, nyuma ya valvu, kwa hiyo valvu zinaoshwa muda wote gari likitembea. Ukikuta 1AZ-FSE au 4GR-FSE, endelea kusoma. Hizo ndizo D4, injini za Toyota zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ambazo mafundi wetu wakiziona wanaguna: Noah na Voxy za AZR60, Wish ya lita 2, Mark X ya lita 2.5.

Injini yoyote inapumua, hata iliyotoka kiwandani jana. Mchanganyiko ukilipuka juu ya pistoni, gesi kidogo hupenya pembeni ya ringi na kuingia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, ikachanganyika na ukungu wa oili, mvuke wa maji na petroli ambayo haikuungua. Zamani hewa hiyo ilimwagwa chini barabarani kwa bomba. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani, wakisukumwa na moshi wa California, walianza kuirudisha kwenye manifoldi, bomba linalogawa hewa kwenye silinda, ili iungue tena, kupitia valvu ndogo inayoitwa PCV. Mpaka leo karibu kila gari la petroli linafanya hivyo.

Kwenye injini ya kawaida ukungu huo hauna madhara ya kutisha, kwa sababu petroli inauosha. Kwenye D4 petroli inapuliziwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Valvu za kuingizia hewa hazionji petroli hata tone. Oili inatua mgongoni mwa valvu, inaungua kwa joto, inaganda, inaongezeka. Baada ya miaka kadhaa ukoko unakuwa mnene kiasi cha kuzuia hewa, gari linatetemeka likiwa limesimama na linakosa nguvu mlimani. Kopo la kunasa oili hukaa katikati ya PCV na manifoldi, likachuja ukungu huo kabla haujarudi. Kazi yake ni hiyo tu.

Mark X ya lita 3.5 yenye 2GR-FSE usiitie kwenye kundi hilo. Ile ina pua za kupulizia petroli za aina mbili, za ndani ya silinda na za njia ya hewa, na za njia ya hewa zinaosha valvu. Mazda za SkyActiv za petroli, Demio na Axela, zina pua za ndani peke yake, kwa hiyo ziko upande mmoja na D4. Golf za TSI na FSI, ambazo Nairobi zina wapenzi wake, zina tatizo hilohilo tena kwa ukali, lakini mfumo wao wa kupumua umejengwa ndani ya kifaa kimoja juu ya injini. Kopo linalouzwa kwa gari lolote halitashika pale. Unahitaji seti iliyotengenezwa kwa injini hiyo, yenye bamba lake la kuunganishia, na ukiwa huna, usianze kukatakata mipira.

Kutofunga kopo kabisa

Hili nalo ni chaguo, na kwa wasomaji wengi ndilo sahihi. PCV mpya ya Toyota ni spea ya bei ndogo, na mara nyingi ndiyo ugonjwa wenyewe. Itoe, itikise karibu na sikio. Nzima inagonga ndani, iliyokufa iko kimya kwa sababu imejaa lami ya oili. PCV ikiziba, pumzi ya injini inatafuta njia nyingine, nayo ni gasketi ya kava ya juu, sili ya nyuma ya krenki, au dipstiki inayoinuka yenyewe.

Kuna kipimo kisicho na gharama. Washa injini ipate moto, iache iungurume bila kukanyaga mafuta, fungua mfuniko wa oili, funika tundu kwa glovu ya mpira. Glovu ikinywea ndani taratibu, mfumo unavuta vizuri. Ikitulia bila kwenda huku wala huko, angalia PCV na mipira yake. Ikivimba na kusimama wima, ama PCV imeziba ama ringi zimechoka. Badilisha PCV, pima tena. Ikiendelea kuvimba, peleka gari likapimwe kompresheni.

Hapa ndipo watu wanapopoteza hela. Harrier ya 2AZ-FE, zile za tako la nyani, nyingi za katikati ya miaka ya 2000 zinakula oili kwa sababu ya ringi za oili na pistoni zenyewe. Mwenye gari anasikia kopo linazuia oili isiliwe, analifunga, linajaa haraka, anafurahi kwamba linafanya kazi. Oili bado inaungua ndani ya silinda, na hilo hakuna kopo litakaloligusa. Kopo linalojaa ndani ya wiki moja ni taarifa ya ugonjwa, na fundi wa kushusha injini ndiye wa kuisoma.

Jambo lingine: kopo haliondoi ukoko uliokwisha kuganda. Noah ya mwaka 2003 iliyotembea miaka yote hiyo bila kusafishwa inatakiwa kufunguliwa manifoldi, valvu zifungwe moja moja, zilowekwe dawa na kusuguliwa kwa brashi, au zipulizwe kwa maganda ya jozi yaliyosagwa kama gereji ina mashine hiyo. Tena D4 za 1AZ zina EGR, inayorudisha moshi wa ekzosi kwenye njia ya hewa. Masizi hayo kopo haliyazuii. Linachopunguza ni oili inayoyagandisha. Kwa hiyo safisha kwanza, ndipo ufunge. Ukifunga kabla ya kusafisha utasema makopo ni utapeli.

Makopo yenyewe

Mengi yanayouzwa mtandaoni kwa dola 20 hadi 40 ni makopo ya aluminiamu yaliyong'arishwa, yenye midomo miwili na mpira mwangavu ubavuni wa kuonyesha kiwango cha oili. Yanavutia macho. Fungua mfuniko uchungulie ndani: kama midomo yote miwili inafunguka juu, ikitazamana, na chini yake hakuna kitu, umenunua chombo kitupu. Hewa inaingia mlango huu, inatoka mlango ule, na ukungu unapita nao. Oili inanaswa pale hewa inapolazimika kugonga kitu kilichopoa, kama mvuke unavyogeuka matone kwenye mfuniko wa sufuria. Kopo tupu halina mfuniko huo.

Linarekebishika. Vijana hulijaza steelwire ya kusugulia masufuria. Chagua ile ya chuma kisichoshika kutu, ya mikunjo mipana, na uweke wavu imara chini ya mdomo wa kutokea. Ile pamba laini ya chuma inaoza na kumeguka, na kipande kikivutwa kwenye silinda utajuta. Mpira mwangavu wa ubavuni uvue, tundu zake uzibe kwa bolti na washa za shaba. Joto la boneti huukausha, unapasuka, na kuanzia hapo injini inavuta hewa isiyopimwa. Ukishafanya yote hayo una kopo la kuridhisha kwa bei ndogo, ila umelipa kwa jasho. Kama unapenda kushinda Jumamosi nzima na misumeno, hili ni lako.

La pili ni chujio la maji la kompresa ya upepo, lile la hadwea lenye kikombe cha plastiki mwangavu. Video zake ni nyingi na hoja yake inaeleweka: tayari lina kichujio ndani, na unaona kilichonaswa. Mimi silipendekezi. Vikombe hivyo vingi ni polikaboneti, na watengenezaji wenyewe huonya visikutane na vimiminika vya kuyeyushia rangi wala baadhi ya oili za sintetiki. Ndani ya boneti kinakutana na mvuke wa petroli, oili na joto kwa wakati mmoja. Mbaya zaidi ni tundu. Mengi yana mdomo wa robo inchi, kama milimita 6, wakati mpira wa PCV ni mpana kuliko hapo. Umeibana injini pua. Kwa mashine ndogo ya kufanyia majaribio, sawa. Kwa Mark X inayopanda Kitonga, hapana.

La tatu ni kopo lililojengwa kwa kazi hii, lenye vizuizi ndani, kichujio cha bronzi au wavu mnene, na mdomo wa kuingilia unaoelekezwa chini ili hewa igonge kuta kabla ya kupanda. Mishimoto ya Marekani ndiyo inayotajwa sana, na zipo nyingine. Linaanzia kama dola 100 kabla hujahesabu usafiri na ushuru. Unachokilipia, mbali na vizuizi, ni mfuniko unaobana kwa oringi, ile pete ya mpira ya kuziba. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, uvutaji kwenye manifoldi ni mkali sana. Uzi uliokatwa vibaya unavuja.

Kwa D4, ikiwamo Mark X ya lita 2.5, na SkyActiv, mimi ningekwenda na hili la tatu, au lile tupu lililorekebishwa na mtu mwenye mkono mzuri. Fundi wa Gerezani au wa jua kali Gikomba mwenye mashine ya agoni anaweza kukuchomea kopo zuri kuliko la mtandaoni, mradi umchoree vizuizi vya ndani na midomo yenye kipenyo unachotaka. Wengi hawachori. Wanasema "nitengenezee kama hili", wanaonyesha picha ya kopo tupu, na wanaletewa kopo tupu.

Dizeli ni habari nyingine. Prado na Hilux za 1KD-FTV zinapumua kwa wingi na hazina uvutaji kama wa petroli, na kwenye manifoldi ukungu wa oili hukutana na masizi ya EGR ukawa tope zito. Hapa kopo dogo la kununua kwa sura halifai. Watu wa safari za porini, Waaustralia hasa, hutumia ProVent 200 ya kampuni ya Kijerumani Mann+Hummel. Ni nyumba ya plastiki ngumu yenye kichujio kinachobadilishwa, na ina valvu ya usalama inayofunguka kichujio kikiziba, ili presha isivunje sili. Hasara yake ni kwamba kichujio ni spea ya kuagiza, na ni kubwa, inahitaji nafasi. Kwa dizeli ya kazi nisingeweka kingine.

Wazi au iliyofungwa

Makopo mengi ya bei ndogo huja na kichujio kidogo cha kupachika juu, ili hewa itoke nje badala ya kurudi kwenye manifoldi. Fundi wa mashindano anapenda hivyo. Kwenye gari la nyumbani linaleta mambo matatu, yote mabaya. Kwanza harufu: kiyoyozi kinavuta hewa chini ya kioo cha mbele, na mvuke wa oili unaingia ndani ya gari mnapokaa kwenye foleni. Pili, ukipachika kichujio hicho huku mpira wa manifoldi bado umeunganishwa, umetoboa njia ya hewa. Injini inavuta hewa ambayo sensa haikuipima, mchanganyiko unakonda, taa ya injini inawaka na msimbo P0171. Tatu, umerudi kumwaga moshi barabarani kama kabla ya 1960. Funga mzunguko kamili: PCV, kopo, manifoldi.

Subaru za turbo zina nyongeza. EJ20 ya turbo ya kwenye Forester na Impreza ina pua za njia ya hewa, kwa hiyo valvu si tatizo. Silinda zake zimelala, na kwenye kona kali oili inakimbilia kava za pembeni. Turbo ikipuliza, PCV inajifunga, na pumzi yote inapitia mipira ya kava kwenda mdomo wa turbo. Oili inaingia kwenye intakula (kipoozeo cha hewa ya turbo), inachanganyika na hewa, inapunguza uwezo wa petroli kuhimili kugonga. Kwa hiyo anayeendesha Subaru kwa nguvu anahitaji kopo upande wa mipira ya kava, na lile la PCV ni la hiari. Anayekwenda nayo sokoni na kanisani hahitaji lolote.

Mpira una thamani kuliko kopo

Seti nyingi za bei ndogo huja na mpira usiofaa, na hapa ndipo kazi ya nyumbani inapoharibika. Mpira wa rejeta au hita ni wa maji. Oili inauvimbisha, unalainika, unachomoka. Mpira mwangavu wa plastiki unalainika kwa joto na kunywea kwa uvutaji. Silikoni ya bluu au nyekundu inapendeza, ila ile isiyo na tabaka la ndani la kuzuia oili hutoa jasho la oili nje baada ya muda, na vumbi linaganda juu yake. Kariakoo, Kirinyaga Road au Kisekka, omba mpira wa oili au wa petroli, mweusi, wenye maandishi ya ukubwa ubavuni. Pima kipenyo cha mpira wa PCV wako kwa venia kabla ya kwenda. Usikubali saizi ndogo zaidi kwa sababu ndiyo iliyobaki dukani.

Kufunga

Injini iwe imepoa. Vua mpira unaotoka PCV kwenda manifoldi, uhifadhi bila kuukata, maana siku ya kuuza gari utaurudisha. Tafuta sehemu ya kopo iliyo mbali na ekzosi na turbo, inayopata upepo, na ambayo mkono wako utaifikia bila kufungua kitu. Mguu wa kopo ufungwe kwenye bolti iliyopo, ile ya spana 10, pembeni ya betri au kwenye mnara wa shokomzoba. Hakikisha boneti inafunga bila kuligusa.

Mdomo wa kuingilia upokee mpira wa PCV, wa kutokea uende manifoldi. Vizuizi vya ndani vinafanya kazi upande mmoja, na ukigeuza, kopo zuri linakuwa tupu. PCV yenyewe ibaki mahali pake kwenye injini. Kuna watu huivua wakidhani kopo limeichukulia kazi, kumbe ndiyo inayodhibiti uvutaji. Mipira isiwe na tumbo linaloning'inia, kwa sababu oili na maji vitajikusanya hapo. Klipu za skrubu zikazwe mpaka mpira usizunguke kwa mkono, basi.

Washa. Injini isikike kama ilivyokuwa. Ukisikia mluzi, au ikinguruma juu kuliko kawaida, kuna uvujaji. Pulizia maji ya sabuni kwenye viungo moja moja, na sauti ikibadilika, umekipata. Kwa mwenye kifaa cha ELM327 cha Bluetooth, kinachosoma kompyuta ya gari, na simu, soma marekebisho ya mafuta ya muda mfupi na mrefu, yaani petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, kabla ya kufunga na baada. Yakiruka kutoka karibu na sifuri hadi asilimia 15 au 20 juu, rudi kwenye klipu. Mfuniko wa kopo ukague pia, oringi yake hupenda kukunjwa.

Kulimwaga

Kopo ambalo halimwagwi ni hatari kuliko kutokuwa nalo, kwa sababu likijaa linavutwa lote kwa mkupuo. Mwezi wa kwanza lichungulie mara kwa mara ujue tabia ya gari lako, kisha limwage kila unapobadilisha oili, au mapema zaidi kama linajaza. Utakachomwaga hakifanani na oili ya dipstiki: juu kuna utando wa njano iliyopauka, mzito kidogo, chini yake maji yenye rangi ya kutu, na vyote vinanuka petroli. Njombe, Limuru au Eldoret, hasa kwa safari fupi za asubuhi, maji yatakuwa mengi. Usikimbilie kusema gasketi ya silinda hedi imekufa. Angalia kwanza rejeta na dipstiki; maji ya rejeta yasipopungua na dipstiki ikiwa safi, ni mvuke wa kawaida uliopoa.

Muscat ni kinyume chake. Boneti ina joto kiasi kwamba ukungu haupoi vizuri, kwa hiyo kopo likae mbele, penye upepo wa kwanza. Jamaa walioko Canada na Minnesota wana shida ambayo sisi hatuna. Maji ndani ya kopo huganda kuwa barafu, yanaziba njia, na presha inasukuma sili nje. Huko wengine hulivua majira ya baridi na kurudisha mpira wa kiwandani, na ndiyo maana nimesema usiukate.

Kilichomwagwa kiweke kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko, mbali na moto kwa sababu kina petroli, upeleke gereji yenye pipa la oili chafu siku ya sevisi.